Namna ya Kupatana Bei ya Haki ya Sedani ya Kispoti Jijini Dar es Salaam

Mtu wa Dar es Salaam akikuambia amenunua gari jipya, mara nyingi hana maana ya gari lililotoka kiwandani likiwa na kilomita sifuri. Ana maana ya gari lililoshushwa bandarini juzi kutoka Japani, ambalo limetumika huko kwa miaka kadhaa lakini halijawahi kukanyaga barabara ya Tanzania. Makala haya yanahusu gari la namna hiyo, hasa zile sedani za kispoti ambazo vijana wa mjini, pamoja na sisi wazee tusiotaka kukubali kwamba tumezeeka, tunazigeukia zikipita: Toyota Mark X, Crown Athlete, Subaru Impreza WRX na Legacy B4. Anayenunua gari la sifuri kabisa kutoka kwa wakala wa kampuni hana nafasi kubwa ya kushusha bei yenyewe, na afadhali ajadili vitu vinavyoizunguka, kama vile huduma za kwanza bila malipo, gharama za usajili, bima ya mwaka wa kwanza na muda wa dhamana. Kwenye yadi, yaani viwanja vinavyouza magari haya yaliyotumika, mambo ni tofauti, na huko ndiko fedha nyingi hupotea kwa sababu mnunuzi amekwenda na mdomo bila hesabu.

Bei unayotajiwa yadi ina sehemu tatu: fedha alizolipa muuzaji Japani pamoja na usafiri wa meli, fedha alizolipa serikalini na bandarini, na faida yake. Sehemu mbili za kwanza zimekwisha kutoka mfukoni mwake, na hakuna maneno matamu yatakayozirudisha. Unachopatana ni sehemu ya tatu peke yake, kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hujatoka nyumbani, ni kuikadiria sehemu hiyo.

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) imeweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika. Unachagua aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, aina ya mafuta na ukubwa wa injini, nacho kinakupa thamani ya gari inayotambuliwa na forodha, yaani CIF (bei ya gari, bima na usafiri hadi bandarini), pamoja na mchanganuo wa kodi zote. Tuchukue mfano wa kujifunzia wa Mark X ya cc 2,500 yenye umri wa zaidi ya miaka 10, na tuseme kikokotoo kimeipa thamani ya dola 5,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 1,250, na hivyo thamani inapanda hadi 6,250. Juu ya hiyo 6,250 unakuja ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kwa kuwa injini inazidi cc 2,000, nao ni dola 625. Kisha ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, kwa kuwa gari limevuka miaka 10, ambao ni dola 1,875. VAT ya asilimia 18 juu ya jumla ya hivyo vyote ni dola 1,575. Kodi hizo nne peke yake zinafika dola 5,325, na hapo bado tozo ndogo ndogo kama ile ya maendeleo ya reli. Ndiyo maana watu husema ushuru umelizidi gari lenyewe, na hawatanii.

Angalia umri unavyofanya kazi katika hesabu hiyo. Gari lenye miaka kati ya 8 na 10 hutozwa uchakavu wa asilimia 15 badala ya 30, na katika mfano wetu, kwa thamani ileile, kodi hizo zingeshuka kwa dola 1,100 na ushei. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha magari mawili yanayofanana, moja la ndani ya miaka 10 na jingine lililoivuka, huenda anataja bei moja huku gharama zake zikiwa mbili tofauti. Viwango hivi huguswaguswa na bajeti ya kila mwaka, basi fuata kikokotoo cha siku hiyo na si makala haya wala maneno ya jirani.

Kuna mtego mmoja hapa. TRA hutumia thamani iliyomo kwenye kanzidata yake hata kama muuzaji alilipata gari kwa bei nafuu zaidi mnadani, na kwa hiyo hati ya kodi haithibitishi alichokilipa Japani. Hicho ukitafute mwenyewe kwenye tovuti za wauzaji wa Kijapani wanaoandika bei ya kufikisha gari hadi bandari ya Dar es Salaam. Tafuta magari matano au sita ya mwaka uleule, injini ileile na kilomita zinazokaribiana, kisha chukua bei ya katikati. Usichukue ile ya chini kabisa, maana hiyo mara nyingi ina sababu yake.

Nilipomsindikiza mpwa wangu kununua Mark X nyeupe kwenye yadi moja ya Kinondoni, tulikuwa tumekwisha kufanya hesabu hiyo kwenye karatasi ya daftari la mwanawe. Magari yanayofanana nalo yalikuwa yanafika bandarini kwa takriban dola 4,500. Kodi tuliiweka dola 5,325. Na kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, ambacho tulikikata hivyo ili hesabu iwe nyepesi, tukapata milioni 24 na nusu. Tuliongeza milioni 2 za bandari, wakala wa forodha, usajili na uhifadhi, tukawa na milioni 26 na nusu. Tangazo lilisema milioni 34, maongezi yapo. Tofauti ilikuwa milioni 7 na nusu, na tulijua kwamba mazungumzo yetu yote yatafanyika ndani ya hiyo milioni 7 na nusu.

Tulipofika tulisalimiana kwanza, tukaulizana habari za kazi na za mvua. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu nimewaona wanunuzi wanaoshuka kwenye bodaboda na kuuliza "mwisho shilingi ngapi?" kabla hata hawajaligusa gari. Swali hilo likiulizwa mapema halipati jibu la kweli: muuzaji hatakupa bei ya mwisho wakati hajajua kama wewe ni mnunuzi au mpita njia.

Kisha likague gari, na ulikague ukijua kwamba kila dosari utakayoiona ina bei. Omba karatasi ya mnada ya Japani, inayoeleza daraja na hali ya gari, na ulinganishe namba ya chesisi iliyo juu yake na ile iliyogongwa kwenye gari. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. Herufi R inaonyesha kwamba liliwahi kugongwa na kutengenezwa, na hilo pekee linatosha kubadilisha mazungumzo yote. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita zilizoandikwa hapo zilingane na za kwenye dashibodi. Muuzaji akisema karatasi ilipotea, mwamini ukitaka, lakini usilipe bei ya gari lenye karatasi.

Fungua boneti na utazame vichwa vya bolti zinazoshika mbawa (fenda) za mbele. Bolti ambayo haijawahi kufunguliwa ina rangi iliyotulia pande zote. Iliyofunguliwa huacha kingo zilizomenyeka mahali spana ilipouma. Kwenye ile nyeupe ya Kinondoni bolti mbili za upande wa kushoto zilikuwa zimemenyeka, na karatasi ya mnada ilikuwa imeandika XX palepale. Halikuwa jambo la kulikataa gari, kwa kuwa chesisi ilikuwa nzima, bali lilikuwa jambo la kuzungumzwa. Tairi nazo zina namba nne ubavuni zinazoeleza zilitengenezwa lini: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi nne za inchi 18 si fedha ndogo, na kama zimezeeka ziingie kwenye hesabu.

Uijue pia injini unayoinunua. Mark X ya cc 2,500 ina injini ya 4GR-FSE, inayonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na inafahamika kwa kujaza masizi kwenye valvu za kuingizia hewa. Iwashe ikiwa baridi na usikilize kama inatetemeka ikiwa imesimama. Subaru zenye injini ya EJ20 zinatumia mkanda wa taimingi, si mnyororo, na gari lililokaribia kilomita 100,000 bila ushahidi wa kubadilishwa mkanda lina gharama inayokusubiri gereji. Nenda na fundi wako, umlipe wewe mwenyewe, na ukatae kwa upole fundi utakayepewa na yadi.

Usivutwe na mapambo. Rimu za spoti, bodikiti, muziki mnene na springi zilizokatwa ili gari liwe chini havimwongezei muuzaji haki ya kudai milioni mbili zaidi. Kwa matuta na mashimo ya mitaa yetu, gari lililoshushwa ni sababu ya kupunguza bei, kwa kuwa itakubidi ununue springi nyingine kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani.

Mazungumzo yenyewe yakianza, usiige mtindo wa kununua nguo Kariakoo, ambako ukitajiwa elfu thelathini unataja kumi. Ukimtajia muuzaji milioni 18 kwa gari lililomgharimu 26, atajua mara moja kwamba huijui biashara yake, na kuanzia hapo hatakuchukulia kwa uzito. Sisi tulianza na milioni 28, tukamweleza kwa adabu tulivyoifikia, tukitaja kodi, meli na bandari.

"Mzee wangu, hiyo hesabu hujaniwekea kodi ya uwanja, walinzi wala vijana wa kuosha," alisema.

"Ni kweli, nimekuwekea kidogo, lakini na wewe hukuniambia habari ya lile bawa la kushoto," nilimjibu.

Alicheka, akamtazama msaidizi wake, kisha akasema, "Basi panda kidogo, na mimi nishuke kidogo." Alishuka hadi 32, sisi tukapanda hadi 29, tukanyamaza. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko kusema, kwa sababu mnunuzi mwenye hamu hukimbilia kuijaza ile nafasi kwa kuongeza milioni. Mpwa wangu alitaka kufungua mdomo nikamkanyaga mguu. Tulimalizana kwa milioni 30 na laki tano, tairi mbili mpya za mbele zikiwa kwa gharama ya yadi. Muuzaji alibaki na faida inayoeleweka, nasi hatukununua ujinga.

Habari ya dalali ni fupi lakini ni ya lazima. Dalali ana haki ya kulipwa kwa kukufikisha kwenye gari. Kinachoumiza ni cha juu, yaani ile nyongeza anayoiweka kimyakimya juu ya bei ya mwenye mali, na madalali wakiwa watatu kwenye mnyororo mmoja cha juu nacho huwa mara tatu. Mweleze tangu mwanzo utampa kiasi gani, na umwambie hutazungumza bei mpaka mwenye gari awepo. Akikataa kukukutanisha naye, umekwisha kujua kwa nini.

Msimu nao una nguvu zake. Januari ada za shule huwabana wanunuzi na wauzaji pia, na yadi huwa kimya. Muuzaji ambaye hajatoa gari tangu kabla ya Krismasi husikiliza vizuri zaidi. Gari lililokaa yadi muda mrefu lina vumbi chini ya waipa na betri inayosuasua, na mwenyewe anajua kwamba kila mwezi linazeeka.

Mkikubaliana, bei iandikwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimezuia kutangaza na kudai malipo ya bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, hivyo muuzaji anayekutajia dola ili kiwango kipande siku ya kulipa hana msingi. Usitoe kishika uchumba bila maandishi yanayotaja namba ya chesisi, bei kamili na tarehe ya mwisho: miaka ya nyuma niliacha milioni moja kwenye yadi fulani kwa kupeana mikono tu, na niliporudi na salio nikaambiwa bei imepanda. Lipa kupitia benki kwenye akaunti ya kampuni yenyewe, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki inayotambuliwa na TRA, yenye kiasi halisi ulicholipa, hata kama utashawishiwa kwamba kiasi kidogo kitakuwa nafuu kwa wote. Kama gari halijasajiliwa, lisajiliwe moja kwa moja kwa jina lako ili usilipie tena uhamisho wa umiliki. Kama lina namba tayari, angalia kwenye mfumo wa Polisi wa Usalama Barabarani kama linadaiwa faini.

Na kabla hujasaini, uliza ufunguo wa pili. Magari haya hutumia funguo za kielektroniki ambazo kuzitengenezea nakala hugharimu laki kadhaa, na muuzaji aliyekuwa na haraka ya kufunga biashara huukumbuka ule wa pili kwenye droo yake mradi saini yako bado haijawekwa kwenye karatasi.