Jinsi ya kupima afya ya mto kwa kutumia wadudu (mi nilianzia mto Karanga, Moshi)

Wengi wakitaka kujua kama mto umechafuka wanachota maji kwenye chupa wanapeleka kupimwa. Sio mbaya, ila chupa inakwambia habari za dakika ile tu, mtu akimwaga uchafu saa nane usiku asubuhi ushapita zamani na wewe unaambiwa maji poa. Ila wadudu walioko chini ya mawe wao wanaishi palepale wiki na miezi, kwahiyo chochote kilichopita kimewapitia wao kwanza.

Vifaa ni vya nyumbani tu. Wavu wa mraba kama sm 30 kwa 30 wenye matundu ya mm 1 hivi (wangu nimeshonewa na fundi cherehani), gambuti, kibanio cha nyusi, kijiko cha plastiki na beseni JEUPE. Nasisitiza jeupe kwa sababu siku ya kwanza nilibeba karai jeusi la kufulia, nikakodolea tope saa nzima, nikarudi home natangaza Karanga hauna kitu. Kesho yake nikaenda na kopo jeupe la aiskrimu, loh, vidudu vinakimbizana humo mpaka nikaona aibu.

Chagua sehemu mbili za mto uleule, moja juu kabla ya mji na nyingine chini ya daraja la barabara ya Arusha, na zifanane, yaani mawe kwa mawe, ukilinganisha mawe ya juu na tope la chini umejidanganya mwenyewe. Masika, Machi hadi Mei, achana nayo, mto unasomba wadudu na wewe utasombwa. Na penye maji yaliyotulia yenye konokono usiingie miguu mitupu, kichocho kipo.

Sasa simama ukiangalia maji yanakoelekea, wavu mbele yako umegusa chini, halafu vuruga mawe kwa miguu kama dakika 2, yakibanduka uchafu na wadudu wote wanaingia wavuni wenyewe. Pitisha wavu pia kwenye majani ya ukingoni kama mita 2, na kwenye mchanga dakika 1. Mwaga kwenye beseni lenye maji kidogo, tulia, usiwe na haraka, vingine vinajifanya vimekufa.

Hapa ndo patamu. Ukiona kidudu bapa chenye mikia mitatu na vijani vidogo pembeni mwa tumbo vinapepea kama feni, huyo anapumulia hapo, anataka maji yenye oksijeni nyingi. Wapo wenye mikia miwili wa aina hiyohiyo so usihesabu mikia tu, angalia tumbo. Yule wa mikia miwili ambaye manyoya yake ya kupumulia yako kwapani ni mmoja wa wanaodeka sana, ukimpata furahi. Ila ukikuta vinyoo vyekundu vimejaa na vingine havipo, mto unaumwa: wekundu ule ni himoglobini kama ya damu yetu, inawasaidia kuishi kwenye tope lisilo na hewa.

Kufunga hesabu kuna mfumo wa mito ya Tanzania unaitwa TARISS, umetokana na SASS ya Afrika Kusini. Kila familia ya wadudu ina pointi zake, wastahimilivu wa uchafu wanapata kidogo, wanaodeka wanapata nyingi. Jumlisha, gawa kwa idadi ya familia ulizopata, unapata wastani. Mi naamini wastani zaidi ya jumla, maana jumla inapanda tu ukikaa mtoni muda mrefu.

Ukimaliza warudishe majini, ila kaa mtoe mapema, maana ukimchelewesha kwenye beseni anawatafuna wenzake kabla hujawahesabu.