Jinsi ya Kujiandaa Nakuru kwa Mbio Ndefu za Nchi za Barafu

Mkimbiaji wa Nakuru aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri na kupanda kuelekea Menengai huku pumzi yake ikitoka kama moshi hudhani kwamba anaijua baridi. Alfajiri hiyo huwa na nyuzijoto 10 hivi. Huko Union Glacier, Antaktika, ambako marathoni hukimbiwa kila Desemba, ngozi huhisi baridi ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri pindi upepo unapovuma, na katika mbio za masafa marefu za Yukon, nchini Kanada, wakimbiaji wamewahi kukutana na nyuzijoto 40 chini ya sifuri. Kwa kuwa vijana wetu wameanza kuniuliza namna ya kujiandaa kwa mbio za aina hii, naandika hapa yale ninayowafundisha.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Iten karibu mita 2,400, ilhali Union Glacier iko takriban mita 700 tu, kwa hiyo pumzi haitakuwa shida yako ya kwanza. Shida ya kwanza ni jasho. Mkimbiaji aliyelelewa katika desturi ya kuongeza kasi hadi kilomita ya mwisho hulowa ndani ya koti bila kutambua, kwa sababu uso wake bado unahisi baridi. Maji huondoa joto mwilini zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, na mtu huyo anapochoka na kupunguza mwendo, au anaposimama kidogo kunywa kitu cha moto, ile fulana iliyolowa huanza kumnyang'anya joto alilolitoa kwa saa mbili. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzijoto 35, ulimi huwa mzito, miguu hupepesuka, na akili ambayo ingepaswa kumwonya nayo huwa imeanza kulegea.

Kwa hiyo anza mbio ukihisi baridi kidogo. Kimbia kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, na ufungue zipu ya koti mara tu unapohisi mgongo unapata joto, kabla jasho halijatoka. Najua inauma kumwambia mtu wa Bonde la Ufa apunguze kasi. Hata hivyo, theluji laini hurudisha mguu nyuma kama mchanga mkavu, na muda unaoukimbilia barabarani hautaupata huko.

Mavazi huwa ya tabaka tatu: la kwanza hushika ngozi na kupitisha jasho nje, la pili huhifadhi joto, na la tatu huzuia upepo. Pamba isiguse mwili wako kabisa, kwa kuwa hunywa jasho na kulishikilia. Tafuta sufu laini au polista. Hulazimiki kununua vitu vipya. Katika soko la Kibuye, Kisumu, marobota ya mitumba huleta makoti ya theluji ambayo wanunuzi wengi huyapita kwa sababu ni mazito mno kwa joto la ziwani. Ukilipata moja, bana kitambaa chake midomoni, weka kiganja upande wa pili, kisha upulize kwa nguvu: ukihisi pumzi yako kiganjani, upepo wa barafuni nao utapita. Viatu viwe vikubwa kwa saizi moja ili soksi nene isibane vidole, maana mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha.

Mikono inahitaji uangalifu wa pekee, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Tafiti zilizofanywa katika majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika huumizwa na baridi vidoleni na miguuni mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Tena, maelezo mengi ya dalili husema ngozi huwa nyeupe au nyekundu, ilhali kwenye ngozi yetu mara nyingi huonekana kama imepauka na kuwa na rangi ya majivu, jambo ambalo mganga wa huko anaweza kulipita. Usingoje rangi, kidole kilichokuwa kikiuma kisha kikanyamaza ghafla ndicho cha kuhofiwa. Vaa glavu nyembamba, kisha juu yake glavu ya kifuko ambamo vidole vinne hukaa pamoja na kupeana joto, na uifunge kwa kamba ili upepo usiipeperushe ukiivua. Vaa boshori, na ufunike mdomo na pua kwa kitambaa, kwa maana hewa kavu ya baridi hukereketa koo na kubana kifua, hasa kwa mwenye pumu. Mafuta ya mgando tunayopaka usoni asubuhi za Molo hayazuii ngozi kuganda. Hukufanya tu ujihisi salama.

Mazoezi ya kweli ya vifaa yanawezekana hapa nyumbani. Mwanariadha ninayemfundisha aliruhusiwa kuingia katika chumba cha kugandishia samaki mjini Kisumu, chenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri, mimi na mlinzi tukiwa mlangoni. Mara ya kwanza aliingia akiwa mkavu, akakaa dakika kumi akipiga hatua papo hapo. Mara ya pili tulilowesha fulana yake ya ndani. Kufikia dakika ya nne alikuwa akigonga mlango, na alipojaribu kufungua zipu, vidole viliteleza juu ya kile kipande cha chuma mara tatu bila kukishika. Siku hiyohiyo alifunga kitanzi cha uzi mnene kwenye kila zipu yake. Usiingie chumba kama hicho peke yako.

Chupa ya maji ibebe ndani ya koti ikiwa imegeuzwa kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu na mdomo wa chupa utabaki wazi. Chakula kikate vipande vidogo mapema. Miwani myeusi inayoziba pembeni ni lazima, maana jua la Desemba huko Antaktika halitui na theluji hurudisha mwanga wake machoni.

Kidole kikifa ganzi, kiweke kwapani papo hapo na umjulishe mhudumu wa kituo. Usikisugue, wala usikipake theluji. Kikiwa kimeganda kabisa, kisiyeyushwe hadi ufike mahali ambapo hakitaganda tena, kwa kuwa kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Hapo ndipo kitatiwa katika maji ya nyuzijoto 37 hadi 39, si ya moto.

Fika siku kadhaa kabla ya mbio ili ujaribu mavazi yako kwenye theluji yenyewe. Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, alikwenda Finland mwaka 1996 kuzoea theluji kabla ya kushindana katika mbio za kuteleza kwenye theluji za Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Na utakapovuka mstari wa mwisho, usisimame kupigwa picha: ingia hemani, vua kilicholowa, vaa fulana kavu uliyoiacha humo asubuhi, kisha utoke nje kupiga picha.