Ujumbe umefika kwenye grupu: namna ya kuukagua kabla ya kuusambaza

Habari nyingi zinazopotosha watu kwenye magrupu ya WhatsApp hazikutungwa. Zilikuwa kweli siku fulani, mahali fulani, kisha zikahama. Chukua Ebola. Tarehe 20 Septemba 2022 Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza mlipuko Mubende, na katikati ya Oktoba wilaya za Mubende na Kassanda zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke. Zikafunguliwa Desemba, na mlipuko ukatangazwa kwisha 11 Januari 2023. Halafu 30 Januari 2025 Ebola ikatangazwa tena, safari hii Kampala. Sasa fikiria mtu aliyeokota ujumbe wa sauti wa 2022 unaosema Mubende imefungwa, na kuutupa kwenye grupu la wafanyabiashara wa Busia wiki hiyo ya 2025. Ebola ipo kweli, wizara imetangaza kweli, na bado mwenye mzigo wa kwenda Mubende amelala na mzigo wake bure.

Kwa hiyo anza na maswali mawili: ya lini, na ya wapi? Lile la "ni kweli?" mara nyingi litajijibu lenyewe.

Mishale juu ya ujumbe

Mshale mmoja maana yake ujumbe umepitishwa kutoka kwingine. Mishale miwili maana yake umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo upelekwe zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Mishale miwili haimaanishi uongo. Inakuambia tu kwamba aliyekutumia hamjui aliyeandika, kwa hiyo ukimuuliza "hii ni kweli?" unapoteza muda, atakujibu "na mimi nimetumiwa". Muulize ameipata kwa nani, kisha umuulize huyo naye. Ukifika kwa mtu wa tatu na bado hakuna aliyeona wala kusikia mwenyewe, ishie hapo na ujumbe usiutume.

Jihadhari na kitu kimoja: mtu akinakili maandishi na kuyabandika upya, mishale hupotea. Ujumbe wa miaka minne unaweza kuja msafi kama ulioandikwa asubuhi hii.

Tafuta kitu chenye tarehe ya kufa

Kwenye maandishi na barua, tafuta jina la kitu ambacho hakipo tena. Mfano mzuri ni ratiba za kukatwa stima. Kampuni ya Umeme ilimaliza mkataba wake 31 Machi 2025, na usambazaji ukachukuliwa na UEDCL, kampuni ya serikali. Ratiba yenye nembo ya Umeme Limited ni ya zamani, hata kama "Jumanne" iliyotajwa inafanana na Jumanne yako. (Kwa sisi tunaosema Kiswahili kuna mtego wa ziada: jina la kampuni na jina la kitu chenyewe ni moja, kwa hiyo angalia nembo, usiangalie neno.) Ujumbe unaokuhimiza ulipe OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, ni wa kati ya Julai 2018 na Julai 2021. Tangazo linalosema "tufuate Twitter" huenda liliandikwa kabla ya Julai 2023 mtandao huo ulipoitwa X, ingawa hapa usikaze sana, kwani wengi bado wanasema Twitter.

Kisha linganisha siku na tarehe. Fungua kalenda ya simu, rudi hadi mwezi uliotajwa. Tarehe 14 Januari 2021, siku ya uchaguzi mkuu wa Uganda, ilikuwa Alhamisi. Barua inayoiita Jumatatu imeandikwa na mtu asiyekuwa na kalenda mezani. Waghushi huiba nembo na muhuri bila shida, lakini wengi hubadilisha tarehe na kusahau siku.

Picha na video

Hapa ndipo kazi ilipo, na inalipa kuliko kwingine. Usiamini jina la faili. Picha iliyohifadhiwa na WhatsApp huandikwa kwa mfano IMG-20250130-WA0012, na watu husema "imepigwa tarehe 30 Januari". Hapana. Hiyo ni tarehe ilipoingia kwenye simu. Tarehe ya kupigwa hufutwa na WhatsApp picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Ukitaka taarifa hizo, mwombe mpiga picha mwenyewe akutumie kama dokumenti.

Kama ni video, isimamishe mahali panne: mwanzo, katikati, panapoonekana maandishi au majengo, na panapoonekana gari. Piga skrinshoti kila mahali. Kata maneno yaliyobandikwa juu yake, vinginevyo mashine itatafuta maneno badala ya picha. Kisha fungua programu ya Google, gusa alama ya kamera, chagua skrinshoti moja. Skrinshoti nne hazili MB nyingi, kwa hiyo kisingizio cha bando hakipo.

Majibu yakija, usishike la kwanza. Tafuta lenye tarehe ya zamani kuliko yote. Tovuti ya TinEye ina sehemu ya kupanga majibu kuanzia ya zamani, na hiyo ndiyo unayoihitaji. Picha ikitumwa leo kama maporomoko ya udongo ya Bulambuli, wakati mashine inaionyesha kwenye ukurasa wa 2019, kazi imekwisha: maporomoko ya Bulambuli yalitokea 27 Novemba 2024. Milima ya Elgon imeporomoka mara nyingi, Bududa 1 Machi 2010 ikiwamo, na tope la mwaka mmoja halina tofauti na tope la mwaka mwingine. Mashine isipopata kitu, hujathibitisha kwamba picha ni mpya. Umethibitisha tu kwamba mashine haikuiona.

Baada ya mashine, tumia macho. Kwanza hakikisha maandishi hayasomeki kinyume kama kwenye kioo, maana wapo wanaogeuza video makusudi ili isitambulike. Kisha tazama barabara. Uganda, Kenya na Tanzania magari hupita kushoto. Kongo, Rwanda na Sudan Kusini hupita kulia. Video ya "vurugu Arua" ambayo malori yanapita kulia imetoka ng'ambo ya mpaka. Kuza namba za gari: za Uganda huanza na U, za Kenya na K, na mpangilio wa herufi na tarakimu ni karibu uleule, kwa hiyo ile herufi ya kwanza ndiyo ya kukodolea macho. Vibao vya maduka, lugha ya matangazo, noti iliyo mkononi mwa mtu, vyote vinasema.

Ukiwa umewasha VPN, programu inayoficha mahali ulipo, kama wengi wanavyofanya tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, majibu ya utafutaji yanaweza kuja kana kwamba uko Uholanzi. Izime unapokagua habari za hapa, au andika jina la wilaya pamoja na neno unalotafuta.

Sauti

Sauti ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haitafutiki. Anayesema "leo asubuhi" ataendelea kusema "leo asubuhi" hata mwakani. Sikiliza ukiwa na kalamu: jina la mahali, jina la mtu mwenye cheo, tukio, siku. Andika kila kimoja, kisha tafuta hivyo. Sauti isiyotaja hata kimoja, ila ina pumzi nyingi na "jamani jamani", iache ilale hapo ilipo.

Viungo vya kubonyeza

Soma anwani kwa kurudi nyuma. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha hesabu kuelekea kushoto. Anwani kama ajira.go.ug.kazi-leo.xyz/fomu haina uhusiano wowote na serikali. Mwenyewe ni kazi-leo.xyz, na go.ug imewekwa mbele kama pazia. Ya serikali huishia .go.ug kabla ya mkwaju. Fomu inayotaka PIN ya mobile money, au inayosema "tuma kwa watu kumi ndipo ufunguke", funga bila kumalizia kusoma. Na alama ya buluu kwenye X isikutishe, siku hizi inanunuliwa.

Ukitafsiri wewe, usiharibu

Makosa mengi huzaliwa tunapohamisha tangazo kutoka Kiingereza. Tangazo limesema 8:00 am, mtu anaandika "saa nane", na watu wanafika kwenye chanjo mchana wakati wahudumu walianza saa mbili asubuhi. Andika saa kwa Kiswahili, kisha ongeza neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, kila mara. Tarehe 03/04 usiiache hivyo. Andika 3 Aprili. Faini kwenye sheria za Uganda huhesabiwa kwa pointi za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000. Faini ya pointi 50 ni shilingi 1,000,000, na anayeandika "faini ya 50" ameidharau bila kujua. Mwisho wa tafsiri weka aliyetoa tangazo, siku alipolitoa, na wilaya linayohusu. Mistari hiyo mitatu ndiyo itakayomwokoa atakayelikuta mwakani.

Kumsahihisha mtu

Usimsahihishe mzee mbele ya watu 200. Atatetea ujumbe hata kama ameshaona kosa, na grupu litagawanyika. Mfuate pembeni: "Hajji, samahani, ile sauti ya Mubende uliyotuma jana jioni ni ya Oktoba 2022. Kule kulifunguliwa Desemba mwaka uleule. Naomba uiondoe, au nikuandalie maneno mawili uyaweke wewe mwenyewe." Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu marekebisho yanatoka kinywani mwake.

Kama kosa ni lako, una dakika 15 za kuhariri maandishi, na zaidi kidogo ya siku mbili za kuyafuta kwa wote. Msimamizi wa grupu anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote. Lakini kufuta hakuwafikii waliokwisha kuupitisha kwingine. Kwa hiyo kabla ya kufuta, ujibu ujumbe wenyewe kwa maandishi: "Hii ni ya 2022, nimekosea, mliopeleka kwingine wapelekeeni na hii." Acha wausome, kisha ndipo ufute wa kwanza. Ukianza kwa kufuta, watu wataona tu kwamba kuna kitu kilifutwa, na kesho yake utasikia kimefichwa.