Kupanda Mlima kwa Mazoezi Pemba, na Namna ya Kuitunza Njia Isije Ikafungwa

Milima ya Pemba si mirefu. Hata Unguja, ambako sehemu ya juu kabisa ni ukingo wa Masingini, ni karibu mita 120 tu kutoka usawa wa bahari. Lakini Pemba imekatwakatwa na mabonde, na ubavu mmoja wa bonde unaweza kukupandisha mita 30 au 40 ndani ya njia ya mita 200. Kwa hivyo anayetaka mazoezi hapa hatafuti kilele. Anatafuta mpando mmoja mzuri, kisha anaurudia. Mpando wa mita 35 ukiurudia mara sita umepanda mita 210, na mapaja yatakwambia.

Ugumu zaidi uko kwenye njia yenyewe. Watu 20 wakipanda na kushuka ujia mmoja wa udongo mwekundu, kila mmoja mara sita, hayo ni mapito 240 kwa asubuhi moja, pahala palipozoea kupitwa na watu wachache waendao makondeni. Masika moja inatosha kuugeuza ujia huo kuwa mtaro. Mwenye konde akishaona muhogo wake umefukiwa na tope, ataziba njia kwa matawi, na hapo huna la kumlaumu.

Kuchagua na kupima mpando

Tafuta fito iliyonyooka ya mita 2 na pimamaji ya fundi mwashi. Kama pimamaji haipo, chukua chupa ya maji yenye ubavu laini, ijaze mpaka libaki povu moja tu la hewa, na uilaze juu ya fito. Weka ncha moja ya fito chini, upande wa juu wa mteremko, kisha inua ncha ya pili mpaka povu likae katikati. Pima nafasi kati ya ncha uliyoiinua na ardhi. Sentimita 40 maana yake mwinuko ni asilimia 20. Sentimita 60 ni asilimia 30. Rudia kila baada ya hatua 20 hivi na uandike, kwa sababu macho hudanganya: njia inayoonekana kali ukiwa chini huwa na vipande viwili vikali tu, na vipande hivyo ndivyo vitakavyohitaji kazi.

Kwa mazoezi, asilimia 15 mpaka 25 inatosha kabisa. Chini ya 10 unatembea tu. Juu ya 30, bila ngazi, watu huanza kushika miti na kuteleza, na kila anayeteleza huondoka na udongo. Kama una hiari kati ya njia inayopanda wima moja kwa moja na inayokata ubavu wa mlima kwa mshazari, chukua ya mshazari hata ikiwa ndefu mara mbili. Maji yakiingia kwenye njia ya mshazari hutoka upande wa bondeni. Kwenye njia ya wima hayana pa kutokea, yanateremka nayo mpaka chini.

Angalia pia chini ya mlima pana nini. Pemba bondeni ndiko kwenye mpunga, na mara nyingi ndiko kwenye kisima au chemchem ambako wanawake huteka maji na kufua. Usiweke kituo cha kuanzia hapo. Sogea mpaka pahala ambapo kikundi kinaweza kusimama, kujinyoosha na kuongea bila kumsumbua mtu, na ukilazimika kukata mpunga, piteni mmoja mmoja juu ya tuta, msitanue.

Kupanda, na hasa kushuka

Saa 12 asubuhi, mara tu kunapopambazuka, au saa 10 na nusu jioni. Mchana wa kaskazi hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kabla ya kuanza mpando tembea tambarare dakika 10. Nusu lita ya maji inatosha kwa zoezi lisilofika saa moja. Dafu liwe la baadaye.

Panda kwa hatua fupi, mguu wote ukikanyaga, usipande kwa vidole. Kupanda kwa vidole kunatia kazi yote kwenye mashavu ya miguu, na mtu huishia kukamatwa na mkakamao raundi ya tatu. Inama kidogo kutokea nyonga, si kutokea mgongoni, na pahala pakali sukuma paja kwa mkono. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: uweze kusema sentensi fupi, usiweze kuimba. Ukishindwa hata kuitikia salamu ya anayepishana nawe, umekwenda mbio mno.

Wiki mbili za mwanzo siku tatu kwa wiki, raundi tatu. Kisha ongeza raundi moja kila wiki mpaka sita au nane, na usiongeze raundi na kasi kwa wiki moja. Kushuka kuwe ndiyo mapumziko yako ya pumzi. Lakini kushuka hakupumzishi misuli: paja linafanya kazi ya breki huku likivutwa, na maumivu yake huja kesho yake au keshokutwa. Ndiyo maana mgeni humaliza raundi sita akijisifu, halafu siku ya pili hawezi kushuka ngazi za nyumbani. Shuka na magoti yamelegea, hatua fupi za harakaharaka, na pahala pa utelezi geuza mguu ubavu. Goti lililokazwa ndilo linaloumia.

Viatu ni raba yenye meno ambayo hayajalika. Ndara hazifai hata kwa aliyezoea. Njumu za mpira zinashika vizuri kwenye udongo mbichi, lakini kwenye jiwe zinateleza vibaya, na zinaichimba njia. Ni bora kikundi kizikataze. Usijizoeze kushika matawi ya mikarafuu. Ni mepesi kuvunjika, ni riziki ya mtu, na mara nyingi yana majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, ambao wakikuingia shingoni utaachia tawi pahala pabaya. Wakati wa kiangazi chunga upupu uliokauka kando ya njia: ukatwe na mtu aliyejifunika mikono na uso, asubuhi ukiwa bado na umande, maana ukikauka manyoya yake hupeperuka.

Mwenye presha, sukari au maradhi ya moyo aulize kituo cha afya kwanza. Mwenye sukari awe na tende au peremende mfukoni. Kifua kikibana, kizunguzungu, au jasho la baridi: akae chini hapohapo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali, wala asiambiwe amalizie raundi. Mwezi wa Ramadhani wengi hupenda nusu saa ya mwisho kabla ya futari; punguza raundi ziwe nusu, panda polepole, na anayeona kiza machoni aache.

Maji ndiyo adui wa njia

Pemba inapata mvua nyingi kuliko Unguja, na udongo wake mwekundu ukilowa hushika kiatu na kuteleza kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza si kutia kokoto. Kazi ya kwanza ni kuyatoa maji njiani kabla hayajapata nguvu.

Uso wa njia uinamie upande wa bondeni, kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita moja ya upana. Miguu ya watu hubonyeza katikati na kuinua kingo; ule ukingo wa nje unaojijenga ndio unaoyazuia maji, kwa hivyo ukate kwa jembe kila baada ya miezi michache.

Pahala pakali weka vizuizi vya kugeuza maji. Tumia gogo la mvinje lenye unene wa sentimita 12 hadi 15, au safu ya mawe. Chimba mfereji unaokata njia kwa mshazari wa nusu pembe mraba, uzamishe gogo theluthi mbili, lipitilize sentimita 30 kila upande wa njia, na ulibane kwa vigingi vya sentimita 60 vilivyogongwa mpaka vibaki kidogo tu juu. Upande wa juu shindilia udongo uwe na mwinamo wa kuyaongoza maji. Kwenye mwinuko wa asilimia 20 weka kimoja kila mita 8 au 10. Kwenye asilimia 30, kila mita 5. Vinavyoharibika huharibika kwa sababu mbili. Kimewekwa moja kwa moja kukata njia, kikajaa mchanga, maji yakaruka juu. Au mdomo wake haukusafishwa kabla ya masika. Kuna na kosa la tatu, lisiloharibu kizuizi bali ujirani: mdomo umeelekezwa kwenye konde la mtu. Elekeza kwenye majani mazito au kichaka, na kama hakuna, panda mchaichai mstari mmoja, mashina yakiachana sentimita 15. Unashika udongo, na wenye nyumba za jirani watauchuma kwa chai.

Ngazi zinakuja baadaye, na ni pale tu panapozidi asilimia 30. Kimo cha kidato kisizidi sentimita 18, na pa kukanyagia pasipungue 35. Vidato virefu huonekana vya mazoezi zaidi, lakini watu huvikwepa, wakachonga njia ya pili pembeni, na mnabaki na makorongo mawili. Ziba pembeni kwa mawe au matawi ya miba tangu siku ya kwanza. Gogo la mnazi huoza upesi likilala kwenye udongo mbichi. Mikoko isikatwe kwa kazi hii kabisa. Jiwe la matumbawe ni zuri likiwa na uso wa kukwaruza. Likiota ukungu wa kijani kivulini, lisugue kwa brashi ya chuma na mchanga.

Fagia majani yaliyooza. Watu huyaacha wakidhani yanasaidia kushika, na ndiyo yanayoangusha wengi.

Kuomba njia, na kuishi nayo

Anza kwa sheha. Yeye anajua nani analima wapi, na ugomvi ukizuka atakuja kuulizwa yeye. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mtu anapewa haki ya kuitumia. Hapo ndipo vikundi hukosea: husikia “ya umma” wakadhani wanaweza kupita popote. Haki ya kutumia ni haki, hata kwa mwenye eka tatu alizopewa mzazi wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Tena Visiwani miti inaweza kuwa na mwenyewe asiyekuwa mwenye ardhi, na mikarafuu ya serikali hukodishwa kwa msimu. Njia moja ya mita 200 inaweza kuwa na watu watatu wa kuombwa ruhusa: anayelima, mwenye miti, na aliyekodi. Waendeeni wote, nyumbani kwao, mkiwa wawili watatu pamoja na mtu mzima wanayemheshimu, wala si kundi zima lenye bukta na filimbi. Kama mlima uko ndani ya msitu wa hifadhi, kwa mfano Ngezi au Masingini, mazungumzo ni na idara inayosimamia misitu, na hapo msichimbe wala kukata chochote bila idhini yake.

Mkikubaliana andikeni ukurasa mmoja: njia inaanzia wapi na kuishia wapi, upana (mita 1.2 inatosha), saa za kupita, nani anatengeneza, na kikiharibika kitu cha mtu kinalipwaje. Nakala moja ibaki kwa sheha. Muwe na kamati ndogo yenye wanawake, na saa za kikundi cha wanawake wazipange wao wenyewe.

Msimu wa karafuu unataka sura yake peke yake katika makubaliano hayo. Wizi wa karafuu ni jambo zito Pemba, na mtu anayeonekana mikarafuuni alfajiri na begi mgongoni atashukiwa, hata akiwa na nia njema. Miezi ya mavuno, ambayo mara nyingi huanguka kati ya Julai na Januari, hamieni njia nyingine au pandeni kwenye barabara yenye mwinuko. Mkiruhusiwa kuendelea, hakuna mabegi, hakuna kuokota hata punje moja iliyoanguka, na hakuna kuruka juu ya majamvi ya karafuu zilizoanikwa.

Njiani anayepanda apishwe na anayeshuka. Mwenye mzigo kichwani, pakacha la muhogo au kuni, apishwe na wote, na mapema, kabla hajalazimika kusimama. Mkikatiza uwanja wa nyumba piga hodi hata kama mlango umefungwa. Spika ya muziki ibaki nyumbani. Watu 20 kwa wakati mmoja ni wengi wa kutosha. Wakizidi wagawike makundi mawili. Bodaboda zizuiwe kwa nguzo mbili zilizoachana sentimita 90 kila mwisho wa njia. Mtu mwenye mzigo atapita kwa kujigeuza kidogo, na pikipiki inaweza kujipenyeza pia, kwa hivyo weka jiwe kubwa mita moja mbele ya nafasi hiyo ili isiweze kunyooka.

Baada ya mvua kubwa njia ifungwe. Kipimo ni kisigino: kanyaga kwa uzito wako wote katikati ya njia, pahala pakali. Shimo likizidi sentimita 2, siku hiyo fanyeni mazoezi barabarani. Kibao cha “Njia imefungwa leo” kitundikwe chini na juu, kwa sababu wapo wanaoanzia juu, na kiondolewe siku hiyohiyo njia inapokauka. Kibao kikiachwa wiki nzima wakati jua linawaka, mara nyingine hakuna atakayekijali.