Kutoa nyaraka za mradi kwenye laptopu na kuzipandisha Read the Docs

Wengi wetu nyaraka za mradi tunaandika vizuri tu, unapiga mkdocs serve, unafungua 127.0.0.1:8000 kwenye brauza, zinapendeza, afu zinaishia hapohapo kwenye laptopu na mwenzako anayetaka kutumia hiyo programu hana pa kuzisomea. Kama mradi wako ni wa wazi (open source), Read the Docs, huduma ya kuweka nyaraka mtandaoni, wanakuwekea bure, na wako kazini toka 2010. Wanaweka tangazo kwenye kurasa zako, basi. Mi sioni sababu ya mtu kulipia hostingi kwa kurasa za maelekezo tu.

Hapa natumia MkDocs, programu inayogeuza maandishi ya Markdown kuwa kurasa za wavuti. Wa Sphinx, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, mtabadilisha mistari michache.

Shika hili kwanza: ile folda ya site, yaani kurasa ambazo MkDocs imeshazijenga kwako, hutumi. Unachotuma ni mafaili ya asili, yaani folda ya docs na mkdocs.yml, yanaenda GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi za miradi, afu Read the Docs wanayachukua huko na kujenga kurasa kwenye mashine yao. Mashine hiyo ni Linux, ni tupu, haijui chochote ulichowahi kuinstoo kwako, na makosa mengi utakayoyaona yanatokea hapo.

Kwa hiyo andika site/ ndani ya .gitignore, faili la vitu ambavyo Git isivichukue, afu tengeneza docs/requirements.txt uorodheshe unachohitaji tu, mfano mkdocs==1.6.1, na thimu yako (muonekano wa kurasa) kama ni ya kuongeza, mfano mkdocs-material. Usimwage pip freeze nzima humo, yaani orodha ya vifurushi vyote vya Python ulivyonavyo, inaweza kubeba vitu vya Windows ambavyo Linux haiviwezi.

Sasa faili lenyewe la kuwaambia Read the Docs wajenge vipi, linaitwa .readthedocs.yaml, lina nukta mwanzoni, na linakaa nje kabisa pamoja na mkdocs.yml, sio ndani ya docs:

```
version: 2
build:
  os: ubuntu-24.04
  tools:
    python: "3.12"
mkdocs:
  configuration: mkdocs.yml
python:
  install:
    - requirements: docs/requirements.txt
```

Mwanzo wa mstari tumia spesi, tab haikubaliki. Na namba ya Python iache ndani ya alama za nukuu, maana ukija kuandika 3.10 bila hizo itasomwa 3.1. Toka 2023 bila faili hili hawakujengei kitu, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayokwambia ubofyebofye mipangilio tu achana nayo.

Kinachowasumbua sana watu wa Windows ni majina ya picha. Kwako Picha.PNG na picha.png ni kitu kimoja, Linux anaona mafaili mawili, kwa hiyo kwako picha inatokea na mtandaoni unakuta pengo. Weka majina yote herufi ndogo, bila nafasi katikati, na kama unabadilisha jina tumia git mv ili Git nayo ijue. Afu piga mkdocs build --strict, hiyo inagoma ikikuta kiungo cha ndani kimekatika, bora igome kwako kuliko kule.

Kabla ya kupushi (kutuma GitHub) pitia skrinishoti zako moja moja. Namba za simu za wateja, majina ya watu, paswedi za database, toa vyote, kwa sababu ukishapushi hata ukifuta baadaye vinabaki kwenye historia ya Git na yeyote anaweza kurudi nyuma akaviona. Hili tafadhali msilichukulie poa, ni taarifa za watu wengine. Video pia usiweke, GitHub inakataa faili la zaidi ya MB 100.

Fungua repo tupu (ghala la mafaili ya mradi) GitHub, afu:

```
git init
git add .
git commit -m "nyaraka za kwanza"
git branch -M main
git remote add origin ANWANI-YA-REPO
git push -u origin main
```

Ikikuomba paswedi weka tokeni (ufunguo unaoutengeneza kwenye akaunti yako ya GitHub), paswedi ya kawaida haipiti hapo toka Agosti 2021.

Hapo ingia Read the Docs kwa akaunti yako ya GitHub, ongeza mradi, chagua repo. Jina utakaloweka ndo linakuwa anwani, jina.readthedocs.io, kwa hiyo liwe fupi. Kwenye lugha, kama umeandika Kiswahili chagua Kiswahili, usiache Kiingereza kwa uvivu, anwani yenyewe itasoma /sw/latest/ na msomaji anajua toka mlangoni.

Ikifeli fungua logi, tafuta komandi ya kwanza iliyokataa. Ukiona inalalamikia thimu au moduli haipo, ujue hukuiandika kwenye requirements. Rekebisha, komiti, pushi, wataanza kujenga upya wenyewe bila wewe kubofya kitu, na kwa bando usiwe na wasiwasi maana Git inatuma yale mabadiliko tu.