Mapacha wawili, chuo kimoja: tulivyoomba KCMC

Mimi ni mama Kulwa, nauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi. Wanangu wa kike, Kulwa na Doto, walisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) darasa moja na wote wakautaka udaktari pale KCMC, chuo cha tiba cha hapa hapa Moshi.

Kama na wewe una mapacha wanaoomba chuo, anza na mafaili. Nunua mawili, rangi tofauti. La Kulwa lilikuwa kijani, la Doto bluu, na karatasi haivuki rangi. Utasema nimezidisha. Majina yao ya shule yote yanaanza na A, ubini mmoja, tarehe ya kuzaliwa moja, na namba zao za mtihani zinatofautiana tarakimu ya mwisho tu. Kijana wa steshenari alipakia cheti cha kuzaliwa cha Doto kwenye maombi ya Kulwa huku namtazama, na mimi sikugundua. Doto ndiye aliyegundua.

Kila mtoto awe na barua pepe yake na laini yake, kwenye simu yake. Mimi niliweka laini zote mbili kwenye simu yangu, eti nisimamie. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe kwenye simu uliyoombea. Wote wawili walichaguliwa zaidi ya kimoja. Zikaingia namba mbili jioni ile ile, nikaingiza ya Doto kwenye akaunti ya Kulwa. Ikakataa, mara ya kwanza, ya pili, jasho likanitoka. Kulwa akaninyang'anya simu.

Mkopo wa elimu ya juu ni hivyo hivyo: maombi mawili, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, mara mbili, mhuri wa serikali ya mtaa mara mbili. Ada ya maombi kwetu ilikuwa 30,000 kila mmoja. Usimlipie mmoja kwa namba ya malipo ya mwenzake.

Sasa machaguo. Waache wafanane chaguo la kwanza wakitaka, ila mengine kila mmoja ajaze peke yake, mwenzake akiwa nje. Pale wanatazama alama: A ni 5, B 4, C 3. Kwa masomo yote matatu Kulwa alikuwa na jumla ya 13, Doto 10, na udaktari una foleni. Doto aliweka fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, chaguo la pili, jambo ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya dada yake.

Kabla majina hayajatoka niliwakalisha jikoni nikauliza: mmoja akipata udaktari na mwingine akakosa, je? Kulwa akainama. Doto akasema, "Aende. Ila asinitumie picha za koti jeupe mpaka na mimi nipate langu."

Kulwa alipata udaktari, Doto fiziotherapia, KCMC hiyo hiyo. Makoti ndiyo nilifanya kwa pamoja, kubana matumizi: fundi wa Mbuyuni alimpima Kulwa, akashona mawili. La Doto likambana mabegani.