Indiketa za LED kwenye pikipiki: anza na flasha

Ukifunga dumu mbili za mawese kwenye keria pale Kibirizi, Kigoma, indiketa za nyuma ndizo zinazoumia. Dumu linaegemea shina la taa hadi linavunjika, na mtikisiko wa barabara unakata uzi wa globu. LED haina uzi wa kukatika, na zile zenye shina la mpira hujipinda bila kuvunjika, kwa hiyo zinafaa kweli kwa bodaboda wa huku. Tatizo ni kwamba mara nyingi zinabadilishwa taa tu, flasha ya zamani, yaani kile kifaa kinachofanya indiketa ipige kwa kuwaka na kuzima, ikaachwa. Mteja anarudi siku hiyohiyo: taa zinawaka moja kwa moja bila kupiga, au zinapiga mbio mno.

Sababu ni mzigo wa umeme. Globu ya indiketa kwa kawaida ni wati 10. Upande mmoja una mbili, yaani wati 20, karibu ampea 1.7 kwenye volti 12, na flasha ya zamani imetengenezwa ipige kwa mzigo huo. LED mbili hula wati chache tu. Nunua flasha ya elektroniki ya LED. Ya pini 2 ina B, inayopokea umeme kutoka swichi ya ufunguo, na L, inayopeleka kwenye swichi ya indiketa. Ya pini 3 inaongeza E, hiyo ni ethi, yaani waya wa hasi unaoenda kwenye chuma cha pikipiki. Usigeuze B na L. Haitapiga, na nyingine huungua hapohapo.

Wapo wanaobaki na flasha ya zamani na kufunga rezista (kipande kinachokula umeme badala ya globu) ya ohmu 8, wati 25, sambamba na taa za kila upande. Inafanya kazi, lakini rezista hupata moto wa kuyeyusha plastiki na kula umeme uleule uliotaka kuuokoa. Kama huna njia nyingine, ifunge kwenye chuma cha fremu, mbali na waya na tanki.

Kabla ya kukata waya wowote, weka mita kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma volti 12.4 hadi 12.8. Washa, ongeza moto kidogo: isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikivuka 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji, ni mbovu na LED mpya zitaungua, hivyo anza na hiyo. Pikipiki inayotembea bila betri, ya kupiga kiki tu, nayo ina umeme unaorukaruka. Irudishie betri kwanza.

Jaribu kila taa moja kwa moja kwenye betri ukiwa bado dukani. LED ina chanya na hasi, ukigeuza haiwaki, tofauti na globu isiyojali. Usiamini rangi za waya kabla ya kupima. Pikipiki za Honda, na za Kichina zilizoiga mfumo wake, huwa na rangi ya chungwa kwa kushoto, bluu hafifu kwa kulia na kijani kwa ethi. Kampuni nyingine zina mpangilio wao.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo. Chomoa waya wa hasi wa betri, fungua taa ya zamani, pitisha waya wa taa mpya kwenye tundu. Angalia hapa: waya hutokea katikati ya bolti, kwa hiyo wosha na nati lazima zivishwe kwenye waya kabla hujaunga. Ukisahau, utakata maungio yako na kuanza upya. Kaza nati kwa kiasi. Ukizidisha, shina linapasuka, au bolti inajizungusha na kusokota waya ndani.

Unga kwa risasi, vika mpira wa kusinyaa kwa joto. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu utaingiza maji masika na kuota kutu ya kijani, kisha taa inaanza kufifia. Ethi nayo iguse chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya za mbele ziache na ulegevu, kisha pinda usukani hadi mwisho kushoto na kulia, uone hakuna unaobanwa.

Ukiwasha kushoto na taa zote nne zikapiga, usilaumu flasha. Dashibodi yako ina globu moja ya indiketa kwa pande zote mbili, na umeme unapita humo kwenda upande wa pili. LED zinatosheka na kidogo hicho. Toa globu hiyo kwenye waya mbili, weka dayodi mbili za 1N4007, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu: moja kutoka waya wa kushoto, nyingine wa kulia, ncha zenye mstari mweupe ziungane kwenye globu, na upande wa pili wa globu uende ethi. Usiiache dashibodi bila taa, kwa sababu flasha nyingi za elektroniki hazina mlio na dereva atasahau kuzima.

Hesabu mapigo kwa sekunde 30: yawe kati ya 30 na 60. Kisha funga dumu kama siku ya kazi, rudi hatua ishirini nyuma saa sita mchana, mtu awashe kila upande. Taa ikizibwa na mzigo, ihamishie karibu na kibao cha namba, au utumie shina refu zaidi.